Cheti cha Hamid bin Abdalla

Mansour Hamid, fundi seremala wa Kikwajuni, hakutamani kuitwa "Sir". Alitaka jambo moja tu: mama yake, Bi Mwatum, aandikwe kuwa mke.

Barua pepe ilitoka Uingereza wiki ile ile aliyofariki baba yake. Mwandishi mmoja alikuwa akiandika historia ya Mabaroneti wa Harlowick, cheo kilichorithiwa baba kwa mwana kwa miaka mia tatu. Wa mwisho, Sir Edmund, ndiye huyo marehemu, alifanya kazi Unguja kabla ya Mapinduzi. Kama hakuacha mwana wa ndoa, cheo kimekufa naye. Je, upo ushahidi wa ndoa?

"Upo," alisema Bi Mwatum, ambaye alikwishavaa nyeupe, amekaa eda. "Alikwenda zake tu, mwanangu. Talaka hakunipa. Fungua kasha."

Cheti kilikuwa kizima, kina saini ya kadhi na mashahidi wawili. Mansour akakipiga picha, akaipeleka.

Jirani yao, Bi Kidawa, alikuja kila alasiri kumliwaza mfiwa. "Haya, mke wa Sir! Ukitoka eda tukuiteje?"

"Niite Mwatum, na uwache kumaliza kahawa yangu."

Jibu lilikuja kwa adabu nyingi. Cheti kilimtaja bwana harusi kuwa ni Hamid bin Abdalla. Sir Edmund hakupata kuwa na jina hilo.

Mansour aliandika kwa subira. Baba yake alisilimu ndipo akaoa. Aliyesilimu hupewa jina jipya, na huitwa bin Abdalla kwa kuwa babake si Mwislamu. Chwaka nzima, kijiji alikooa, ilimjua Hamid Mzungu. Akaulizwa iko wapi hati ya kusilimu. Haikuwapo. Shahada ilitamkwa msikitini mbele za watu, na watu wale wote walikwishazikwa.

Siku ya pili baada ya eda kumalizika ikaletwa sura ya mwisho ya kitabu. Mansour aliichapisha kwenye karatasi, akamfasiria mama yake mstari wa mwisho: "Alifariki hana mke wala mtoto, cheo kikaishia kwake."

Bi Mwatum alikuwa akikunja nguo zake nyeupe. Mikono ikasita.

"Hana mke," alisema. "Miezi minne na siku kumi sikutoka mlangoni. Nilimkalia nani?"

Mansour alizikunja karatasi.

"Basi nitolee karatasi hizo ndani mwangu."

Akazipeleka karakanani. Zimekunjwa mara nne, ziko hadi leo chini ya mguu mfupi wa meza anayopigia randa.