Picha ya Tatu ya Kaka Dominiko

Kaka yangu Dominiko alikuwa fundi wa kusafisha picha. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika studio moja ya mjini Morogoro, ndani ya chumba chenye taa nyekundu, na harusi nyingi za mji huu zilipita mikononi mwake zikiwa bado zimelowa. Alisifiwa zaidi kwa kuondoa madoa. Alishika brashi nyembamba kama unyoya, akaziba kila kidoa cheupe kilichoachwa na vumbi kwenye filamu. Alisema vumbi lina tabia yake, kwamba kwenye picha inayofuata hulikuti pale ulipoliacha, wala hulikuti jirani na hapo. Simu zilipoanza kupiga picha, studio ilifungwa, na macho yale yakakosa kazi.

Mkewe, Prisca, alifariki mapema na hawakujaliwa mtoto. Mimi nami nilikuwa mjane. Nikampa chumba cha uani kwangu Mafiga, kwa kuwa magoti yake yalikuwa hayataki tena milima ya kwetu Kinole. Tukaishi hivyo miaka tisa, tumbo moja, nyumba moja, na siku nyingi hatukuzidisha maneno kumi.

Kilichobadilisha maisha yake ni kompyuta mpakato kuukuu aliyoletewa na Stambuli, fundi wa kompyuta kule Mzumbe, ambaye kaka aliwahi kumsafishia picha za harusi. Stambuli ndiye aliyemwonyesha picha za chombo cha anga.

Nieleze kama nilivyoelezwa. Kuna chombo kisicho na mtu ndani, kinachopita karibu na jua kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na binadamu. Kimejificha nyuma ya ngao, na kamera yake haitazami jua lenyewe, inachungulia pembeni. Kikiwa karibu kabisa hakitumi picha. Kinapiga na kukaa nazo, na kikishatoka kwenye joto ndipo kinazileta, halafu zinawekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzitazama. Humo zinaonekana nyota, na sayari kama Zuhura na Mshtarii, zote zikiwa upande tusiozoea kuziona. Mara mojamoja inaonekana nyota yenye mkia inayolikimbilia jua, ndogo kiasi kwamba mashine zinaikosa. Hizo ndizo watu wa nchi mbalimbali wanazitafuta kwa macho, na anayetuma taarifa kwanza, akiwa ameiona ikisogea katika picha tatu, ndiye anayeandikwa kuwa mgunduzi.

Kaka alituma taarifa kumi na nne. Tatu zilikuwa nyota za kawaida. Nyingine zote zilikuwa za kweli, lakini kuna aliyemtangulia. Intaneti yetu ilikuwa nzito, picha moja ilichukua muda wa kuchemsha maharage, na kwa siku alifungua mbili.

"Nataka moja tu, Yuli," aliniambia. "Moja niliyoiona mimi kwanza. Baada ya hapo nitapumzika."

Siku moja aliniita nije kuona. Nilikuwa nasonga ugali, nikasimama mlangoni. Kwenye kioo palikuwa na giza lenye chembechembe, na nukta moja iliyong'aa kuliko zingine. Nikamwambia sioni kitu.

"Hiyo ni dunia. Hapo ndipo ulipo, umesimama mlangoni na mwiko."

Nikacheka, nikarudi kwenye sufuria. Hakuniita tena.

Sasa niseme langu. Mimi ni mwanajumuiya, na Jumamosi asubuhi tunasali nyumba kwa nyumba. Kaka aliacha kuja. Rosa, mwenyekiti wetu, ana mdomo. Aliniuliza mbele ya watu kama kaka yangu anatafuta mke huko juani, maana wa Mafiga wote amewakataa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini iliniuma. Wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba mzee aliyejifungia na jua kila siku si mzima. Niliogopa atakufa hivyo, peke yake na kile kioo, bila watu na bila Mungu.

Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima nilimwambia afunge picha. Nilimwambia wengine wanaacha nyama, wengine pombe, yeye nyama hali na pombe hajawahi kuigusa, basi aache hicho anachokipenda, mpaka Pasaka. Kisha akakubali, akaniahidi.

Jumatano ya Majivu, kabla hatujaondoka kwenda misa, alinikuta nafunga kilemba.

"Yuli, mtu akianza kazi jana, akaimalizia leo asubuhi, atakuwa amevunja mfungo?"

Kaka alikuwa na mizaha ya namna hiyo. Nikamjibu bila kugeuka.

"Majivu ni leo, Kaka."

"Haya," akasema. Akaikunja kompyuta, akaifunga kwenye khanga ya marehemu Prisca, akaipandisha juu ya kabati.

Kwaresima ile alikuwa mtu wa kusifiwa. Alihudhuria Njia ya Msalaba kila Ijumaa na jumuiya kila Jumamosi. Alikaa nyuma, mikono juu ya magoti, anatazama nyuso za watu kama anayesubiri watulie apige picha. Rosa alinishika mkono akasema nimemrudisha ndugu yangu kundini. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Ila jioni nilipokuwa napita uani nilimwona amekaa kitandani, mlango wazi, anatazama ukuta. Niliona, na sikumuuliza.

Alifariki Alhamisi, wiki moja kabla ya Alhamisi Kuu. Shinikizo la damu lilimwangusha bafuni asubuhi, na tulipofika hospitali alikuwa ameshaondoka. Tulimzika Kinole karibu na mama, katikati ya mvua, vijana wakipokezana jeneza kwenye utelezi kati ya miti ya karafuu.

Daftari lake nililikuta wiki mbili baadaye, nikikunja nguo zake. Kila ukurasa una tarehe, namba za picha na neno moja au mawili: vumbi, nyota, tayari wameiona. Mstari wa mwisho ni wa Jumanne, siku moja kabla ya Majivu. Nauandika kama ulivyo.

"Nukta hafifu, kona ya chini kushoto. Imo katika picha mbili, imesogea. Si vumbi. Ya tatu, Mungu akipenda, baada ya Pasaka."

Nilikaa kitandani pake mpaka adhana ya alasiri. Nilikuwa nimeelewa swali aliloniuliza asubuhi ya Majivu.

Nilimpigia Stambuli, akaja siku iliyofuata. Tuliishusha kompyuta, akafungua picha ya tatu, na ya nne, na ya tano. Safari hii sikusimama mlangoni. Stambuli aliniwekea kidole kwenye kioo, nikaiona: kitu chembamba chenye ukungu nyuma yake, kinasogea kidogokidogo kuelekea upande wa jua, na kwenye picha ya sita hakipo. Akaitafuta kwenye orodha ya zilizokwisha kuandikwa. Nyota ile ilikuwa ya kweli. Taarifa yake ilitumwa Jumatano ya Majivu, mchana, na mtu wa nchi ya mbali.

Nilimwomba anieleze wazi. Kama kaka angefungua picha ya tatu asubuhi ile, angetangulia?

Stambuli alivua miwani, akaifuta. Akasema, "Shangazi, angetangulia."

Nilikwenda kuungama. Padre alisema sikutenda dhambi, na kwamba mfungo wa kaka ulikuwa sadaka ya kweli kwa sababu ulimgharimu. Nilimjibu kwamba sikumuuliza kama ni dhambi. Akanipa baraka. Naamini kaka yuko mahali pema. Lakini kuamini hakujaniondolea ile asubuhi, wala kule kutogeuka kwangu.

Jumamosi nilimfuata Tomasi, katekista anayeandika nia za misa. Nikamtajia Dominiko, kisha nikampa karatasi yenye jina la yule mtu wa mbali, kama Stambuli alivyolinakili.

"Huyu wa pili naye ni marehemu?"

"Yuko hai, nafikiri."

"Ni ndugu?"

"Hapana. Andika shukrani."

"Shukrani ya nini, mama?"

"Kwamba aliiona. Ingepita bila mtu kuiona."

Tomasi alinitazama, akaandika. Jumapili, misa ya kwanza, alisoma jina la kaka vizuri. Alipofika kwenye la pili alikwama, akalijaribu mara mbili, halafu akasoma tu, mtu mmoja aliye mbali, kwa shukrani. Nyuma yangu nilimsikia Rosa akiuliza ni nani huyo. Kanisa zima likaitikia sala.