Mwano Hauna Mkwe

Scola Luhende alikuja dukani kwangu Bariadi akiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima, nikampa kazi ya kuchapa barua na kutoa kopi. Ni binti wa shangazi yangu wa Zagayu, kwa hiyo sikuwa na ujanja wa kumkataa. Siku ya tatu nikataka kumfukuza. Alikuwa amehamisha kila kitu: bahasha mahali pa kalamu, mashine ya kopi karibu na dirisha, na meza yangu mimi mwenye duka kaisukumia pembeni. Nikafoka. Akanijibu kwa upole, "Kaka Januarius, nimekuangalia tangu juzi. Kwa kopi moja ulikuwa unainuka mara nne." Nilinuna hadi jioni, lakini nilinuna nikiwa nimekaa.

Ndivyo alivyoumbwa. Sisi tukiona watu wanafanya kazi, yeye huona njia wanazopita. Walimu waliokuwa wakileta mitihani kuchapwa walikuja kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja akiapa yake ndiyo ya mwisho. Akawafungulia ukurasa mmoja wa pamoja kwenye simu zao, ugomvi ukaisha. Ikafuata kwaya, wakafuata mabwana mifugo wa Itilima. Alijisomea mtandaoni kwa kompyuta yangu na kwa bando langu, na baada ya miaka saba akaniaga. Sasa ni mshauri, akasema. Anajenga ofisi ndani ya simu kwa ajili ya vikundi vidogo vya watu watano au sita wasio na ofisi ya matofali.

"Mshauri wa simu!" nilimcheka mbele ya wateja. "Kwani simu nayo inahitaji mshenga?"

Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu uliota.

Mwaka jana kikundi kimoja cha Migato kilimwita. Ni watu watano wanaowafikisha wajawazito hospitali. Mektilda, mhudumu wa afya wa kijiji, ndiye anayejua nani amefikisha siku zake. Bujiku, aliyemwoa binti wa Mektilda, anaendesha pikipiki ya matairi matatu yenye kitanda nyuma. Wengine watatu hujaza mafuta, huandaa vifaa na kuwapigia simu wauguzi. Niliposikia Migato, kicheko kilikatika. Mwanangu Domitila ameolewa huko, na wakati ule alikuwa na mimba ya miezi mitano. Uzazi wake wa kwanza damu ilimtoka nusura tumzike. Nilijua wa pili ukija vilevile, uhai wake utakuwa mikononi mwa watu hao watano na simu zao.

Scola akawajengea. Kulikuwa na ukurasa wa majina ya wajawazito, ukurasa wa zamu, na uwanja wa kuitana. Wakajaribu, kila kitu kikaenda. Mwezi wa pili tangu waanze, mama mmoja akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mektilda akaandika uwanjani, "Bujiku, njoo haraka, damu." Ujumbe ulifika. Bujiku aliusoma, alama za kusomwa zilionekana. Asijibu, asije, saa nzima na nusu. Mama aliokoka, mtoto hakuokoka.

Nilifunga duka nikaenda kwa Scola nikiwa nimevimba kwa hasira. Nilimwambia maneno ambayo bado naona haya kuyarudia. Kikundi kilikuwa kimeamua: Bujiku ni mvivu, aondolewe, na simu ziachwe, kila mtu arudi kwenye kutuma watoto mbio na ujumbe. Bujiku mwenyewe aliitwa akaulizwa, akainamisha kichwa, hakusema neno. Scola aliomba siku tatu tu.

Alikwenda Migato akakaa. Hakugusa simu ya mtu. Alikaa kwenye kigoda nje kwa Mektilda, akimenya karanga, akitazama njia. Siku ya pili asubuhi Mektilda alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani, Bujiku akatokea mbele kwa miguu. Mektilda akaiacha njia, akaingia kwenye mtama na ndoo yake, akageuza mgongo na kujifunika khanga usoni. Bujiku naye akakata kushoto, akapita mbali kama aliyeona nyoka. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani, hawaitani majina, na ni heshima kubwa.

Scola alinisimulia kwamba karanga zilimwagika. "Kaka, mimi Msukuma wa Zagayu! Nimewajengea watu nyumba yenye chumba kimoja, nikamweka ndani mtu na mama mkwe wake, nikawaambia waitane!"

Mke wa Bujiku ndiye aliyemfungulia mengine: kumbe Bujiku aliposoma ule ujumbe alitoka mbio kumtafuta mkewe ili amjibu mama yake kwa niaba yake na kumuuliza aende nyumba ipi. Mke alikuwa mbali, shambani kwenye pamba. Muda ulipotelea hapo. Wala hakuweza kukieleza kikundi, kwa sababu kueleza kungekuwa kumtaja mkwewe mbele za watu. Na Mektilda aliandika jina la Bujiku kwa kuwa damu ilimchanganya, akalia kwa aibu wiki nzima.

Mtu mwingine angemtoa mmoja wao. Scola akamsogelea Mektilda, akamuuliza swali ambalo mimi nisingeliwaza hata ningepewa mwaka.

"Mayu, mama yangu, ng'ombe wakiibwa, na wewe ndiye uliyewaona wezi, na mwanamume wa karibu ni mkweo. Utafanyaje?"

"Nitapiga mwano," Mektilda akajibu. Mwano ni lile yowe letu la hatari. Ukilisikia unalipokea, unalipeleka mbele, unakimbia.

"Na yeye?"

"Atakimbia, ng'wana wane, mwanangu. Mwano hauna mkwe. Nani anauliza yowe ni la nani?"

Scola akabomoa ofisi yake yote, akaijenga upya kama mji wa Kisukuma wenye milango miwili. Wakwe hawaonani, na kila jambo la kawaida hupitia kwa mtu wa kati. Kwa ajili ya hatari aliweka kitufe kimoja chekundu, akakiita Mwano. Ukikibonyeza, simu zote tano zinalia, jina la aliyebonyeza halionekani, inaonekana nyumba ya mgonjwa tu. Anayeweza kwenda anabonyeza "Nakuja". Alinionyesha dukani. Nilimwona tangu hana viatu vyake, na sikujua nilikuwa nakaa na mtu wa namna hiyo.

Zamu ya Domitila ilifika miezi miwili baadaye, mchana, damu ikaanza kabla ya uchungu. Nilifika hospitali nikiwa sijui kama nakwenda kumwona au kumchukua. Nilimkuta amelala, amepauka, anapumua, na mtoto wa kike amefungwa khanga pembeni. Nililia mbele ya wauguzi, sikujali.

Scola alikuwa pale kwenye benchi, simu mkononi, amekunja uso. Kitu kilikuwa kinamsumbua. Ofisi yake ilionyesha mwano umepigwa mara mbili. Wa kwanza ulipigwa saa saba na dakika kumi, "Nakuja" ikajibiwa ndani ya dakika moja. Wa pili ulipigwa saa saba na dakika arobaini, nao ukajibiwa hapohapo. Lakini saa hiyo Domitila alikuwa tayari njiani, Mektilda amempakata nyuma, na Bujiku anaendesha.

"Mayu," akamuuliza Mektilda, "huu wa pili ulikuwa wa nani? Kuna mgonjwa mwingine tumemwacha?"

Mektilda akavuta khanga, ingawa Bujiku alikuwa nje kabisa, ameegemea pikipiki yake, ametugeuzia mgongo.

"Ni huyuhuyu. Alizimia mikononi mwangu, na dereva alikuwa anaogopa mashimo, anakwenda polepole. Nikabonyeza. Simu ikalia kifuani kwake, akabonyeza naye, akaongeza mwendo."

"Lakini alikuwa mbele yako, mayu. Ungenyoosha mkono ungemgusa."

Mektilda akamtazama Scola kwa mshangao, kana kwamba mshauri mzima haelewi jambo dogo.

"Sasa ningemwitaje?" akasema. "Ni mkwe wangu."