Nepi za halmashauri zilivyokosa watu ukumbini, zikapata mwenyewe Magomeni

Wakuu, heshima zenu, na shikamoo kwa mlionitangulia. Ninachosimulia hapa nimekishona kwa mikono yangu, kwa hiyo hakuna chumvi. Mwenye kubisha abishe, ila asome kwanza hadi mwisho.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko limeshafunguliwa, Kariakoo inapokea kila kitu. Pampasi zikaanza kuingia kwa maboksi. Kina mama wa mjini wakazipenda, na siwalaumu. Nani anapenda kufua kinyesi?

Shida ilikuwa zinakoishia. Mitaro ikaziba, mvua ikinyesha zinaelea hadi Jangwani. Naishia hapo, wengine mnasoma huku mnakula.

Halmashauri ikatenga fungu la kuhamasisha nepi za kufua. Mimi ni fundi cherehani, nilikuwa na chumba nyuma ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja pale Kariakoo. Nikapewa kazi ya kuzishona na kuzionyesha kwa kina mama. Nikachukua na wadada wawili wa kunisaidia, wote wanalea peke yao.

Naomba nijisifu kidogo. Nepi yangu haikuwa ile ya kukunja pembe tatu na pini. Ilikuwa kitambaa cha flana tabaka tatu, kamba za kufunga pembeni, na chupi ya nailoni juu yake. Nilijua ni kitu kizuri. Hadi leo najua.

Bwana afya aliyesimamia mradi, tumwite Mushi, alikuwa mchapakazi. Akaleta gari la matangazo, mabango, fulana, ukumbi, soda.

Siku ya kwanza wakaja wazee wa kijiwe cha kahawa na vijana waliosikia kuna fulana za bure. Mama mwenye kichanga, hata wa dawa!

Mara ya pili, hivyo hivyo. Tena vijana wakauliza kama kuna saizi kubwa.

Mushi akanivuta pembeni. "Dada Zuhura, ofisini wanasema wanawake wa mjini hawazitaki. Tukikosa watu tena, fungu linahamishiwa kwenye matairi ya gari la taka."

Maana yake kazi imekufa, na wale wadada nawarudisha nyumbani. Iliniuma sana. Hasira zote nikazipeleka Magomeni kwa mdogo wangu Mwajuma, aliyekuwa amejifungua karibuni. Hata yeye hakuja!

Nimefika tu, hata sijakaa: "Mwaju, na wewe umenitupa? Ukumbi mtupu, dada yako naadhirika!"

Akanitazama huku ananyonyesha. "Dada, nije ukumbini nami bado niko ndani? Arobaini yangu imefika?"

Wakuu, nilikaa kwenye mkeka nikacheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

Kwa wasiojua: kwetu Pwani mzazi anakaa ndani siku arobaini. Anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga, hatoki. Kufua na kumfunga mtoto nepi ni kazi ya mama yake na mashangazi. Sasa sisi tumekodi ukumbi tukawaita watu walio ndani! Vikao vyote vile hakuna aliyekumbuka, na mimi nimo, mtoto wa Magomeni kabisa.

Mama yetu akasikia kutoka jikoni. "Ijumaa mtoto anatolewa nje. Lete hizo nepi zako hapa, wenzako wazione."

Mushi alikubali bila ubishi, hilo nampa. Ila shughuli ya arobaini ni ya wanawake, ikabidi abaki barabarani na gari lake la matangazo, kalizima kimya.

Ndani kumejaa. Mtoto kanyolewa, kavalishwa nepi yangu na kofia, akapakatwa na Bi Hidaya, shangazi wa shemeji yangu. Mama huyo ni mkali, na siku ile alivaa gauni jipya la hariri. Tangu anaingia alikuwa anaziponda tu. "Vitambaa vya serikali hivi, vitazuia nini?"

Mara mtoto akakunja uso, akatulia. Kila mwanamke mle ndani alijua kinachoendelea. Na alikuwa wa kiume, mnajua wenyewe.

Mimi naona kazi yangu yote iko mapajani kwa Bi Hidaya.

Akamwinua mtoto. Akapapasa gauni. Akapapasa tena.

"Kavu," akasema, utadhani kaudhika. "Jamani, pakavu!"

Vigelegele mpaka mtoto akalia. Mushi akachungulia mlangoni, "Kuna ugomvi?" Akatimuliwa kwa mwiko.

Nepi nilizobeba ziliisha kabla pilau halijapakuliwa. Wiki iliyofuata Bi Hidaya akaja Kariakoo mwenyewe na mabibi wenzake, anawaelekeza namna ya kufunga kamba kama vile kazishona yeye. Nikamwacha atambe.

Fungu la halmashauri lilikwisha, mabango yakaloa mvua. Wale wadada nilikaa nao miaka, na mmoja leo ana mafundi wake mwenyewe.

Nilichojifunza: ukitaka kuingiza kitu kwenye nyumba yenye mzazi, usimtangazie mzazi. Mpe bibi akipakate.

Haya, uwanja wenu. Mnaofanya miradi ya uhamasishaji, njooni mjitetee. Na wewe uliyezaliwa Magomeni miaka ile, kabla hujanibishia, kampigie mama yako umuulize ulifungwa nini.