Mvule Katika Kichupa Kitupu

Mtaani walimwita Mama Tope, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kukata tope. Si la kufyatulia matofali, ni lile lililong'olewa chini ya ziwa kwa bomba refu, likalazwa mezani kama mkate mweusi: la juu la juzi, la chini la enzi za mababu wa mababu. Majani na mizizi inayoozea ziwani huacha humo vinasaba, chembe ambazo mashine huzisoma ikataja ulikuwa mmea gani. Yeye alichota kidogo kutoka kila tabaka, akatia kwenye vichupa.

"Dada yangu kaajiriwa kuchezea matope," kaka yake kinyozi aliwaambia wateja, wembe ukiwa shingoni mwa mtu. "Na akichafuka wanamfukuza!"

Nyumbani kulikuwa na jambo lisilochekesha. Mama yao alilala chumba cha uani, mwili umekwisha, imebaki sauti. Maisha yake yote alisimulia kwamba bibi yake alizaliwa ndani ya msitu wa mivule uliozunguka ziwa, pale ambapo leo ni nyasi tupu mpaka macho yachoke. Kinyozi ndiye aliyemkata kauli mbele ya wageni: "Mama, tuoneshe hata kisiki kimoja basi." Tangu siku hiyo mama hakuusimulia tena. Sasa alikuwa anakwenda, akamshika bintiye mkono.

"Tope la ziwa lile liko mikononi mwako. Liulize. Nisife mwongo."

Haikuchukua muda, Daktari, mkuu wa maabara, akamwita kwenye kioo cha kompyuta. "Njoo uone. Mvule huu." Tabaka lenyewe lilikuwa la zama za utoto wa yule bibi. "Lakini subiri, kichupa kitupu hakijasomwa."

Kichupa kitupu hutiwa maji safi tu, bila tope, kikapita njia ile ile na mikono ile ile kama wenzake. Kinatakiwa kinyamaze. Kikisema, ujue imesema mikono yako, si ziwa. Mama Tope aliyajua hayo kuliko jina lake, ila miguu ilishafika nyumbani.

"Mama, mvule upo."

Mzee akataka ainuliwe akae. Akataka mwanawe aitwe. Kinyozi akaja na nywele za watu kwenye aproni, akasimama mlangoni.

"Haya, mwana wa mwongo. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Nisamehe." Akapiga magoti. Siku hiyo mama alikula bakuli zima.

Kesho yake kichupa kitupu nacho kikasema mvule.

Daktari alimgeuzia kioo. Mama Tope hakungoja kuulizwa. Siku ya kukata tope, maji yalikuwa yamekatika kwenye bafu la maabara, wanakotakiwa kuoga kabla ya kukata, akaoga nyumbani. Nywele akazifuta kwa taulo lililoanikwa kwenye karakana ya mumewe seremala, aliyekuwa akipiga randa mbao za mvule za mlango.

"Ni mimi, Daktari. Ni vumbi la mlango wa mume wangu."

"Basi tunatupa vyote," Daktari akasema taratibu. "Tope lipo la kutosha. Pole, dada. Tutaanza upya."

Seremala aliposikia aliweka randa chini. "Mwache mzee aende na furaha yake, mke wangu. Inamwumiza nani?"

"Alisema asife mwongo. Nikinyamaza atakufa na uongo wangu."

Akaingia uani. Alieleza yote, taulo na vumbi, akitazama mkeka.

"Kwa hiyo ziwa halijasema."

"Halijasema kitu, mama. Niliyesema ni mimi."

"Niitie kaka yako."

Kinyozi akaja tena. "Chukua msamaha wako," mama akamwambia. "Bado hatujajua."

"Mama, msamaha si shati, nitauvaaje tena?" Alitaka kucheka, midomo ikamkatalia, akalia kama mtoto.

"Mimi wa bure sitaki," mama akasema, akageukia ukuta. Bakuli la jioni lilirudi jikoni kama lilivyokwenda.

Mama Tope alikimbia vumbi la mbao, akahamia kwa jirani asiyejua hata msumari, akawa anaoga maabara na kukata upya. Mama hakungoja. Walimzika asubuhi ya manyunyu, upande wa ziwa, kwenye nyasi.

Majibu yalipotoka, kichupa kitupu kilinyamaza. Tabaka la zama za bibi lilisema nyasi na matete, basi. Mvule ulikuwepo, lakini chini kabisa, zama ambazo hakuna bibi wa mtu yeyote anayeweza kuzifikia.

Alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, akamwambia mbele ya wateja.

"Msitu ulikuwepo. Ila bibi hakuzaliwa ndani yake. Naye alisimuliwa tu, na aliyemsimulia alisimuliwa."

"Kwa hiyo mama..."

"Alisema alichopokea. Msitu wenyewe hakuukosea. Siku ndizo alizokosea."

Kinyozi akaweka wembe mezani. Mteja, povu shavuni, akangoja bila kulalamika.