Mumiani Aliyepiga Hodi

Niseme mwenyewe kabla dada yangu hajanisemea: niliwaacha washenga wake wamesimama juani, mimi nikiwa nyuma ya mlango nawachungulia kwenye upenyo, na neno "karibu" nimelibana kwa meno. Harufu ya vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa uani kwa ajili yao hao hao ilikuwa imejaa nyumba nzima. Nilikuwa darasa la tano, likizo, na akili zangu zilikuwa timamu. Leo niko kidato cha tatu na bado nasema zilikuwa timamu.

Lawama waipelekee filamu. Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Bagamoyo tulikuwa tumechoka na mumiani wa kizungu: joho jeusi, jeneza, popo, halafu mtu anamwonyesha msalaba na kitunguu saumu. Sisi watoto wa madrasa tungeonyesha nini? Na mumiani anayekimbia kitunguu saumu angeishije Pwani, kila Ijumaa pilau? Tulikuwa tunacheka kabla meno hayajatoka. Ndipo ikaja filamu moja kutoka nchi ya baridi, lugha yake haijui hata mtafsiri wetu, Kinanda, aliyekuwa akitunga maneno huku ameshika maikrofoni. Mumiani wake alikuwa mzee nadhifu, anatembea mchana chini ya mwavuli. Hana haraka. Anafika kwenye nyumba inayongoja mgeni, anatabasamu, anabisha. Asipokaribishwa hawezi kuingia. Wanamkaribisha, mlango unafungwa, na sisi tunaachwa nje tunautazama mlango. Damu hatukuiona hata tone. Kibanda kizima, wahuni wote wale, kimya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja na mwenyeji hakupona. Nikaenda nyumbani nikifikiria jinsi sisi Waswahili tunavyoitikia "karibu" kabla hata ya kujua ni nani. Tungeisha wote kwa wiki moja.

Siku ya posa mama alinipa kazi moja: kaa mbele, wageni wakija wakaribishe. Baba alikuwa ameenda kutafuta barafu, wanawake wote wako uani na masufuria yao. Wageni wakafika mapema kuliko walivyoahidi. Mbele yao mzee nadhifu, mwavuli mweusi, tabasamu. Sasa ungekuwa wewe? "Hodi wenyewe!" Nikanyamaza. "Hodi!" Nikabana pumzi. Madrasa tulifundishwa kwamba ukibisha mara tatu usijibiwe, urudi zako bila kununa, basi nikaiachia dini inisaidie. Baada ya hodi ya tatu mzee akafunga tabasamu lake, wakaondoka.

Mama akatokea na sinia. "Wageni wako wapi?"

"Wamerudi."

"Wamerudi wapi?"

"Kwao. Sikuwakaribisha."

Dada Mwanaidi alimpenda Shabani wake tangu wakiwa shule. Hakunitukana. Alikaa kitandani na hina yake mbichi mikononi, akanitazama tu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Maana kwa washenga, mlango uliokaa kimya ni jibu: hatuwataki.

Kesho yake asubuhi mama akanishika mkono tukaenda Mlingotini, kwa kina Shabani. Mama wa binti kuwafuata waoaji ni kama kumtembeza bintiye sokoni. Njia nzima alijifunika mtandio hadi puani. Alipopiga hodi, tuliitikiwa papo hapo. Yule mzee, baba mkubwa wa Shabani, alikuwa amekaa mkekani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyetunyamazia?"

Nikamsimulia filamu yote, sikuruka kitu. "Na wewe, babu, ulikuja na mwavuli, unatabasamu, hukusema hata jina."

Akanitazama sana. "Leo wewe ndiye umeingia kwangu. Nani mumiani hapa?"

"Sijajua bado. Chai haijaja."

Mama akanifinya paja. Lakini shangazi yake Shabani, aliyekuwa mlangoni na birika, alicheka hadi chai ikamwagika, na mzee akashindwa kujizuia. "Tutakuja tena Jumapili," akamwambia mama. "Na nitataja jina langu, la baba yangu na la babu yangu, huyu bwana aridhike."

Akayataja kweli. Dada ana watoto wawili sasa, na kila wakija wananiita mjomba mumiani. Kile kibanda kimekuwa duka la vocha. Filamu za kutisha tunazitazama kwenye simu, kila mtu na kioo chake, na sijaona tena watu wengi wakiuogopa mlango mmoja kwa pamoja. Hodi yenyewe inakufa. Mtu anafika nje anaandika "nipo getini". Na mimi hadi leo, akibisha mtu, nauliza kwanza: nani? Wazee wananiona sina adabu. Waendelee kuniona hivyo.

Siku ile tuliporudi kutoka Mlingotini, mama alisimama kizingitini akavua viatu, nami nikabaki nje nikingoja kipigo. Akanigeukia, akasema: "Mumiani wangu mimi hakupiga hodi, nilimzaa. Haya, ingia ule."