Paka na Sweta la Kijani

Wiki iliyopita, katika kliniki ya wanyama hapa Rosettenville, msichana wa mapokezi aliuliza paka ni wa nani. Tulijibu wawili kwa pamoja: mimi, na jirani yangu Mkongomani anayesuka nywele.

Paka ni wa marehemu mke wangu. Tangu msiba alianza kuhamia kwa jirani, na siku ya chanjo ilibidi jirani aje, kwa kuwa mimi paka hakubali nimshike.

"Papa, mimi sikuiba paka ya mtu," alisema. "Iko nakuya yenyewe."

"Unampa samaki."

"Samaki gani? Eish! Hata maziwa sina."

Daktari alipofungua kikapu, paka alirukia mapajani mwa jirani, akazika pua kwenye mkono wa sweta lake la kijani na kuanza kukoroma kwa raha. Hapo nikalitambua sweta. Siku ya arobaini tuligawa nguo za marehemu, kama desturi inavyotaka, nami nilisimamia mpaka kabati likabaki tupu.

Jirani aliona ninavyotazama. Akaanza kulivua.

"Sijaifua, Papa. Iko bado nanukia yeye. Chukua, paka itarudi."

Nilikataa. Kilichogawiwa hakirudishwi.

Wasomaji wenye paka, mnapogawa nguo za marehemu, mbakishieni mnyama vazi moja. Wangu hajui arobaini, na hiyo ndiyo bahati yake: yeye analala penye harufu ya mke wangu, mimi nalala kwenye shuka safi.