Wali wa Wageni

Walimtoa mwenyeji wetu nyumbani kwake Mpendae mchana kweupe, wakamtwika kichwani sufuria lake la wali ili mtaa mzima uone. Vijana watatu, na mwenyekiti wa tawi la chama nyuma yao. Mtandio ulimshuka mabegani, na mikono imeshika sufuria, hakuweza kuupandisha. Mimi niliyemponza nilisimama mlangoni kama gogo. Akanigeukia: "Rudi ndani, mwanangu, jua kali."

Tulikuwa wanne, tumetoka bara kwa kazi ya injili, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi shule niliishia darasa la pili tu, lakini sauti ya kuimba nilikuwa nayo. Kuingia Unguja kulitaka karatasi, kama unakwenda nchi ya watu. Mchele ulikuwa wa foleni na kipimo. Bibi yule, Mwislamu, mjane, alitupokea kwa sababu marehemu mumewe alitoka kwetu.

Tukifumba macho kuombea chakula, yeye alishasema bismillahi yake, anatungoja huku amekinga mkono juu ya sinia.

"Fumbeni tu. Paka hajui kama mnaomba."

Tukimaliza, sote amina, na yeye amina.

Mchele wa kutulisha aliuweka chini ya kitanda, nje ya kipimo, na kukutwa nao ilikuwa kosa. Aliniambia, "Chakula cha mgeni hakitangazwi. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue."

"Hata Yesu kasema hivyo, bibi."

"Basi mbona nyinyi mtu akikupeni kitu mnasimama mnapiga makofi?"

Nilicheka.

Jumapili, kanisani mjini, kiongozi wa safari yetu akanisimamisha nitoe ushuhuda. "Mtaje aliyekutendea wema, Mungu atukuzwe." Kwetu asiyeshukuru mbele za watu ni mwizi wa fadhila. Nikamtaja bibi, mtaa, na wali wa nazi kila siku. Nilikumbuka alivyonionya, nasema kweli nilikumbuka, lakini watu walikuwa wananitazama, nikanogewa. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa mjumbe wa tawi alitoka kabla ya baraka. Kesho yake ndipo wakaja.

Baadaye na mimi walinichukua, tukawa mahabusu sote wawili. Nililala sakafuni siku mbili, nikapigwa, sikio hili halisikii mpaka leo. Kiongozi alikuja na karatasi ya kibali chetu, imeandikwa kwamba tumeruhusiwa kuingia na chakula chetu. Angesema tu, "Mchele huo ni wetu," na bibi angeachiwa. Nilimwomba kwa machozi aitoe mfukoni. Akasema, "Hayo ni ya serikali, tusiharibu huduma." Akanitoa mimi. Bibi akabaki, akafia humo.

Mimi nimekwenda kwa wanawe, nimepiga magoti, wamenifukuza, na ni haki yao. Mzee wa kanisa keshakufa. Wewe kiongozi ungali hai, unahubiri kila Jumapili. Nenda Mpendae ukawajibu wale watoto: karatasi ile mfukoni uliificha kwa ajili ya Mungu gani?